Densi ya Kuinamiana

Mwambie mtu unaenda Kajiado kufundishwa densi ya Waskoti, uone kama hatakucheka. Mimi nilichekwa wiki nzima. Wenzangu wa jikoni, kwenye hoteli ninapopika hapa Kitengela, waliniuliza ni wasichana watakaovaa sketi ama ni wavulana, kwa vile eti wanaume wa Kiskoti nao huvaa sketi. Nikawaambia sote tutavaa raba, na nyinyi bakini hapa mkisukuma chapo.

Ilikuwa wikendi ya vijana wa kanisa, kwenye ukumbi nje kidogo ya mji wa Kajiado. Mwalimu alikuwa mama mzee Mskoti aliyekaa huku miaka mingi mpaka anasalimia kwa Kimaa, lugha yetu Wamaasai, bila kufikiri. Tulimwita Koko, yaani nyanya. Jumapili wazazi wangekuja kututazama, na hapo ndipo roho yangu ilikuwa inadunda, kwa sababu ya baba.

Mimi na baba hatukuwa sawa. Alikuwa amenitafutia nafasi ya kusomea unesi, nikakataa. Jameni, mimi nikiona sindano nazimia, ningemdunga nani? Nikaenda kusomea upishi. Krismasi nilipofika nyumbani Ewuaso Kedong, nilimwinamishia kichwa ili aniwekee mkono, vile mtoto wa Kimaasai anavyosalimiwa na mkubwa wake. Baba akanipita kama hakuna mtu mlangoni. Nikabaki nimeinama pale kama mjinga. Niliumia, sitadanganya. Tangu siku hiyo nilikuwa namsalimia kwa mdomo tu, tena nikiwa mbali.

Sasa mama ananipigia simu. "Jumapili tunakuja. Baba yako ndiye ataendesha pikapu."

"Amekubali?"

"Nimemwambia mimi sijui kuendesha. Hapo angebisha nini?"

Jumamosi asubuhi Koko alitupanga mistari miwili, wasichana huku, wavulana kule, tukitazamana. Akasema kwao densi haianzi kabla hujamwinamia mwenzako. Kisha ili tuone, akasimama mbele yetu na kuinamisha kichwa chake chenye mvi.

Sisi Wamaasai tukashtuka. Mzee kama huyu atuinamie sisi watoto? Wapi! Bila mtu kumwambia mwenzake, tukainamisha vichwa chini kuliko chake, tukangoja. Waluhya tuliotoka nao Kitengela wakadhani hiyo ndiyo hatua ya kwanza, wakainama pia. Koko alipoinua macho, alikuta visogo vitupu.

"Haya, na sasa mnangoja nini?"

"Tuguse, Koko," msichana mmoja akasema kutoka huko chini.

Koko alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akapita mistari yote miwili akitugusa vichwa mmoja mmoja, Waluhya wakiwemo, na ndipo akawasha muziki.

Baada ya hapo ikawa raha tupu. Wavulana wa Entarara waliambiwa waruke kidogo tu, wakapaa utadhani wanakagua mabati. Yule Mluhya niliyepangwa naye alitikisa mabega kila wimbo, vile wanavyocheza kwao. "Mabega yapumzike!" Koko akapiga kelele. "Koko, hayanisikii!" akajibu, na hakuacha. Tulikanyagana, tukapotezana, tukashikana mikono na watu wasio wetu. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Jumapili baba alikuja kweli, na kofia yake, shuka nyekundu na akala zake za tairi. Akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, funguo za gari mkononi kama mtu anayeondoka sasa hivi. Tulicheza vizuri, na kila nikigeuka nilimtupia jicho. Funguo hazikutoka mkononi.

Wimbo wa mwisho, Koko akatangaza kila kijana acheze na mzazi wake. Nikamkimbilia mama. Eti goti linamuuma! Goti linalokimbiza mbuzi kila asubuhi. Akanionyesha mlangoni kwa kidevu. Kumbe Koko alikuwa ameshamfikia baba na kumshika mkono, na baba, akivutwa na mama mzee kuliko yeye mbele ya watu, hangeweza kukataa. Akasimamishwa mbele yangu, kwa mstari wa wavulana.

"Inameni!" Koko akasema.

Niliogopa. Nilikumbuka ule mlango wa Krismasi na shingo ikakataa kabisa. Lakini kila mtu alikuwa anainama, nikainama. Nikaona akala zake tu, zimesimama, na nikajiambia safari hii zikinipita nitalia mbele ya kanisa lote.

Mkono ukatua kichwani, mzito na wenye joto. Muziki ukaanza. Wenzetu wakaanza kuzunguka, wakatugonga mabega, na mkono bado ulikuwa palepale.

"Baba," nikasema, machozi na kicheko pamoja, "tunazuia watu."

"Wangoje," baba akasema. "Huu ni wa Krismasi."