Siku Niliyosahau Neno "Pull" Nikiwa Juu ya Toroli

Naomba nianze kwa kukiri kwamba ni mimi. Yule mwalimu aliyeteleza juu ya meza kuu kule Lutindi, ambaye video yake mliiona kwenye simu mkacheka na kuwatumia mpaka shangazi zenu, ndiye mimi Mwanaidi, mtoto wa Kang'ata, mwenye diploma ya ualimu wa sayansi na kovu kwenye kiwiko. Nimenyamaza muda mrefu nikidhani mtasahau, lakini juzi nilikuwa sokoni Korogwe nanunua vitunguu, muuzaji akaniangalia, akageuka pembeni, akacheka, kisha akaniongezea vitunguu viwili bila kusema ni vya nini, nikajua basi, bora niwasimulie mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Nilimaliza chuo nikarudi nyumbani kusubiri ajira, nikasubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikawa napalilia mahindi ya baba huku vyeti vimelala kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro (mama alikuwa anavitoa mara kwa mara na kuvianika juani visipate ukungu, kama mtu anayeanika kunde). Ndipo nikasikia kwamba Lutindi wazazi wanatafuta mtu wa kuwafundisha watoto waliomaliza darasa la saba, ile miezi ya kusubiri kidato cha kwanza, na kwamba mkuu wa sekondari ya huko hana mwalimu wa fizikia. Sikuuliza mara mbili, nikafunga begi. Nikapanga chumba kwa Mama Hiza, mama wa Kisambaa asiyependa maneno mengi, nikaenda kumwona mkuu, nikamwamkia, nikajieleza mpaka nikakauka koo. Akasema vyeti ameviona, ila yeye anataka kuwaona watoto. Siku ya kufunga masomo angekuja kukaa na wazazi, na watoto wakionyesha kwamba wameiva angeniandikia barua nianze kazi Januari. Wasipoonyesha, narudi kwenye mahindi.

Sasa mnajua wenyewe shida ya watoto wetu. Shule ya msingi wanasoma kani, mwendo, msuguano, wanaelewa vizuri kabisa, halafu Januari wanaingia kidato cha kwanza na kila kitu kimegeuka Kiingereza kwa siku moja, mtoto aliyekuwa ananyoosha mkono kila swali anakaa kama mgeni msibani. Mimi mwenyewe nilikaa kimya muhula mzima wa kwanza, na mimi mnanijua, kukaa kimya si kipaji changu. Kwa hiyo nikaapa watoto wangu thelathini na wawili hawatapitia hayo. Nikawa nawafundisha kwa vitendo. Nikigusa kiwiko wanasema "elbow", nikigusa goti wanasema "knee", nikigusa kisigino, kidevu, kifundo cha mguu, wanaitika kwa pamoja mpaka mbuzi wa jirani wanaacha kula. Nikisukuma meza wanasema "push", nikiivuta "pull", nikiburuta kiti sakafuni kikagoma wanasema "friction". Kwa kweli nilikuwa najisikia, naongea peke yangu njiani.

Na ningeishia hapo leo nisingekuwa na kovu. Lakini mwalimu akishaanza kujisikia hawezi kuacha mambo yalivyo, nikaamua kuweka kanuni. Nikatafuta kipande cha ubao, nikakitoboa, nikakifunga kamba ya katani, nikakiandika kwa chaki kwamba aliyekivaa amekutwa anaongea Kiswahili. Wengi wenu mliwahi kukivaa kibao hicho shuleni, mnajua kinavyokwaruza shingo na kinavyokwaruza moyo. Mimi nilikivaa wiki nzima kidato cha pili na nikalia, na bado nikakitengeneza kingine kwa mikono yangu (msiniulize kwa nini, hata mimi nimejiuliza). Kisha nikaongeza nakshi, nikawaambia hata mimi mwenyewe nikiwaamrisha kitu kwa Kiswahili wasinisikie, maana nitakuwa nawajaribu. Nikawa nawatega kweli. Naingia darasani nasema kwa sauti ya upole, kaeni chini, anayekaa anavaa kibao. Zawadi, kasichana kadogo kuliko wote, kenye moyo laini, alikivaa mara tatu kwa sababu yeye ukimwambia kitu anatii tu. Baada ya wiki mbili hakuna aliyenasa tena. Ningeweza kusimama pale niseme kwa Kiswahili nyumba inaungua, wangenitazama na kutabasamu.

Kwa siku ya kufunga nilipanga onyesho la mwendo. Fundi aliyekuwa anajenga darasa jipya alikuwa na toroli la chuma la magurudumu manne, alilolinunua huko Ngombezi, la kubebea matofali. Mpango ulikuwa mimi nikae juu yake, watoto wawili wasimame nyuma, nikisema "push" wanasukuma, na watoto wanne washike kamba iliyofungwa nyuma ya toroli, nikisema "pull" wanavuta, linasimama, tunaeleza kani mbele ya wazazi, makofi, barua, Januari. Tulifanya mazoezi mara tatu kwenye uwanja na ilikwenda kama maji.

Siku yenyewe nikaamka mapema, nikavaa kitenge kipya nilichoshonesha Korogwe, nikafika nikakuta kina baba wameshafunga turubai katikati ya uwanja, pale pale penye tambarare yangu. Chini yake wamepanga viti, na mbele meza kuu yenye kitambaa cha plastiki cha maua, soda, na beseni la kachumbari limekaa hapo likisubiri pilau. Nikaona isiwe taabu, nikawaambia watoto walipandishe toroli juu kidogo, karibu na njia ya kwenda misheni, na waliwekee jiwe kwenye gurudumu, hata wa nyuma watatuona vizuri. Mama Hiza alikuwa anamenya vitunguu saumu. Akainua macho, akatazama toroli, akatazama turubai.

"Mwanangu, hapo panatelemka," akasema.

Nikamjibu kwa adabu kwamba ni kidogo tu, mama, na kamba tunayo. Sisi wa Kang'ata kwetu ukiweka chungwa chini utalikuta hapo hapo kesho, mteremko tunausoma vitabuni. Mama Hiza akarudi kwenye vitunguu vyake.

Mkuu akafika na koti lake la kijivu, akakaa meza kuu, na mwanzo ulikuwa mzuri kiasi kwamba mpaka leo nikiukumbuka naumia. Watoto walitaja viungo vya mwili kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, wazazi wakawa wanapiga vigelegele kwa maneno wasiyoyajua, mzee mmoja akashika kiwiko chake na kujifunza pale pale. Nikamwona mkuu anaandika kitu kwenye daftari huku anatikisa kichwa kukubali. Basi nikapanda toroli, nikakunja kitenge vizuri, nikamwonyesha mtoto kwa kidole aondoe jiwe, na kabla sijafungua mdomo kusema "push" toroli likaondoka lenyewe.

Mwanzoni lilikwenda taratibu, nikatabasamu kana kwamba ndivyo nilivyopanga. Kisha likachanganya mwendo. Neno nililolihitaji lilikuwa moja, neno fupi nililolifundisha kila siku kwa wiki tano, na ninawaapia halikuwepo. Nilipekua kichwa chote, nikakuta kisigino, nikakuta kidevu, nikakuta msuguano, hilo moja limetoka. Nikageuka nyuma nikapiga kelele, "Vuteni! Vuteni kamba, jamani!"

Wale wanne wa kamba wakatazamana. Nikawaona kwa macho yangu wakitabasamu, maana walishaujua mchezo wangu, mwalimu anawatega mbele ya mkuu na leo hanasi mtu. Wakasimama wima, mikono imelegea, kamba ikawa inateleza viganjani mwao taratibu mpaka ncha ikatoka. Nikahamia Kizigua cha nyumbani, nikamwita mama yangu aliyekuwa zaidi ya kilomita mia huko Handeni. Na hapo ndipo, Mungu akanionea huruma kwa namna yake, Kiingereza kikanirudia, lakini kikarudi na neno lingine.

"Push!" nikapiga kelele. "Push! Push!"

Wale wawili wa kusukuma walikuwa wanasubiri neno hilo tangu asubuhi. Wakakimbia, wakalifikia toroli, wakaweka mikono na kulisukuma kwa nguvu zote za watoto waliokula viazi vya milimani, na nyuma yangu darasa zima, bila kuamrishwa na mtu, likaanza kutaja kwa sauti moja kinachotokea, kwamba mwendo unaongezeka, yote kwa Kiingereza safi kabisa, sentensi zimekamilika.

Kina mama wakaruka na masufuria yao. Mkuu akasimama, akakaa, akasimama tena. Toroli likagonga jiwe lililoshikilia kamba ya turubai likasimama papo hapo, mimi sikusimama, nikapaa na kitenge changu nikatua kwa tumbo kwenye meza kuu, na kile kitambaa cha plastiki kilikuwa hakina msuguano hata kidogo. Niliteleza kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, nikizoa soda moja moja, nikaingia kifua na kidevu kwenye beseni la kachumbari, uso wangu na tumbo la mkuu vikiwa vimetengana kwa upana wa kiganja. Nikamwamkia. Nawaambia ukweli, sikujua la kufanya, nikasema shikamoo mkuu, na yeye kwa mazoea akasema marahaba.

Mvulana mmoja akanyoosha mkono kutoka kule juu, akaeleza kwa Kiingereza kwamba toroli limesimama lakini mwili wa mwalimu umeendelea na mwendo. Mkuu akamuuliza kwa nini, naye akaeleza kwa nini. Mkuu akawauliza mwalimu ameshika wapi, wote wakasema "elbow". Na hapa, "knee". Wazazi wakaanza kupiga makofi, wengine wanacheka huku wanafuta machozi, simu zimeinuliwa, na mimi nikasema kwa sauti ndogo kwamba goti linaniuma sana. Nikasema kwa Kiswahili. Basi kiranja wangu, mtoto mwenye nidhamu ya hali ya juu, akatembea kutoka kule mlimani, akaomba radhi kwa Kiingereza, akanivika kibao shingoni.

Hapo hata mimi nilicheka, kachumbari ikiwa masikioni. Ningeweza kuwaambia kwamba niliondoka pale nimeaibika tu na kisa kikaisha. Lakini nilipokaa pembeni Mama Hiza ananiosha kiwiko kwa maji ya chumvi, Zawadi akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa mmoja wa wale wanne wa kamba. Hakuwa anacheka kama wenzake, akaangalia nyuma kama kuna anayesikia, kisha akaongea kwa kunong'ona.

"Mwalimu, nilitaka kukuvuta. Niliogopa kibao."

Jamani, nimeanguka mbele ya watu mia, nimelala kwenye kachumbari, lakini hakuna kilichoniuma siku ile kama maneno hayo. Mtoto aliniona naangamia, mikono yake ilikuwa kwenye kamba, na mimi ndiye niliyemfundisha asiishike. Nilimvuta nikamkumbatia na vitunguu vyangu vyote, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, nikakivua kibao nikampa Mama Hiza, naye bila kuuliza akakisukumia motoni chini ya sufuria la pilau.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini, anafuta soda kwenye koti. Nilishakata tamaa, nikaanza kumwambia nitaondoka kesho na gari la asubuhi.

"Watoto wameiva, barua nitakuandikia," akasema. "Lakini mwalimu, watoto zaidi ya thelathini wamekutazama unaanguka, hakuna hata mmoja aliyekushika. Hilo utalirekebisha mwenyewe."

Nilianza Januari, na Zawadi ni mwanafunzi wangu, sasa anaongea Kiingereza kuliko mimi na ananisahihisha bila huruma. Toroli sijapanda tena wala sitapanda, hata likiwa limefungwa kwenye mti. Kiingereza nawafundisha vilevile, kila neno, kani na viungo na mwendo, na makosa nawasahihisha. Ila siku ya kwanza ya kila darasa jipya, kabla sijaandika chochote ubaoni, nawaambia kanuni yangu ni moja: mkiona mtu anaanguka, mshikeni kwanza, jina la kitendo tutalitafuta baadaye.