Kroasanti ya Lozi Isiyo na Lozi

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja Utemini, hapa Singida mjini, mbele ya kabati la vioo la duka la vitafunwa, mtoto akiwa mgongoni. Siku chache kabla, kitafunwa cha duka hilohilo kilikuwa kimetufikisha hospitali. Sikurudi kugombana. Nilirudi kuangalia kama wameiondoa sinia ya kitafunwa kile. Hawakuiondoa. Kroasanti, vile vitafunwa vya Kifaransa vya siagi, zilikuwa zimepangwa vizuri, zimenyunyiziwa sukari ya unga, na mbele yake kikaratasi kimesimamishwa: KROASANTI YA LOZI.

Nikamuuliza dada wa kaunta, "Leo ndani mmeweka nini?"

"Lozi, dada."

"Lozi zipi?"

Akaangalia mlango wa jikoni. "Hizi zetu za hapa."

"Lozi za hapa ndiyo karanga?"

"Si zinafanana tu, dada. Zikishasagwa na sukari nani atajua."

Nilipiga kioo kwa kiganja mpaka wateja waliokuwa wanakunywa chai wakainuka na vikombe vyao. Nikamwambia atoe sinia ile. Akasema bosi hayupo. Basi nikazunguka kaunta mwenyewe, nikaitoa, nikaiweka chini katikati ya duka, nikasimama pembeni yake kama mlinzi wa choo cha stendi. Nikasema anayetaka kununua aje aniulize mimi kilichomo. Hakuna aliyekuja. Mama mmoja akasema, "Huyu ana mashetani," akahamisha kiti chake. Nilikuwa namsubiri mwenye duka.

Nieleze nilivyofika huko, maana mimi si mtu wa kroasanti. Nimeishia kidato cha nne. Nauza kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, navisafirisha kwenda mikoa mingine. Kwetu Ulemo kitafunwa cha asubuhi ni kiazi kitamu, na mgeni akiheshimiwa sana anapata andazi. Mtoto ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya siagi na unga wa tabaka.

Alipoanza kula chakula, mama mkwe alimwonjesha mlenda wake, mlenda mzuri kabisa, uliokorogwa na karanga za kusaga. Kabla hatujanawa mikono, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba na macho yamefunga. Daktari akaniambia ni mzio, mwili wake unazipiga vita karanga, na safari nyingine inaweza kuwa mbaya kuliko hii. Akasema asizile kabisa, hata kidogo, hata kwenye kijiko kilichotumika kuzikoroga.

Kusema ni rahisi. Ukimnyima mtoto karanga Singida umemfungia nusu ya jiko. Zimo kwenye mlenda, zimo kwenye mchicha, zimo kwenye unga wa lishe ambao kila mtu anakwambia mpe akue. Na ukisema mtoto hali karanga, watu wanasikia kwamba unaringa.

"Sisi tumekua na nini?" mama mkwe aliniuliza. "Baba yake amekua na nini?"

"Mama, ni daktari aliyesema."

"Daktari wa wapi? Huyu mume wangu mnataka kumfanya Mzungu. Mume wangu, hebu njoo kwa bibi, mama yako anakutesa kwa njaa."

Nikamwona mkono wake unaingia kwenye mfuko wa kanga, na ndani ya mfuko najua kuna karanga za kukaanga, zimo siku zote, ndiyo pipi yake kwa wajukuu. Nilimnyanyua mtoto kabla mkono haujatoka. Mama mkwe ananipenda na mtoto anampenda zaidi, hilo ndilo tatizo. Watu wanaompenda mwanangu ndio walionitisha kuliko wote.

Kuanzia hapo sikumwachia mtu. Nikisafiri na kuku, nasafiri naye. Na barabarani hali ilikuwa ileile. Basi likisimama Shelui, vifuko vya karanga vinapanda dirishani kabla mlango haujafunguka. Safari moja mzee aliyekaa jirani yetu alinunua, akammiminia mtoto kiganjani bila kuniuliza. Nikamsalimia tena, "Shikamoo baba," nikazipangusa kiganjani kwa mtoto na kuzirudisha kwake. Akaziangalia.

"Binti, mimi mchawi?"

"Hapana baba. Zinamdhuru."

"Karanga zinamdhuru mtoto wa Kinyiramba," akaliambia basi zima. Wakacheka. Dereva naye akacheka, akiniangalia kwenye kioo chake. Tulipofika Nzega mtoto alikuwa hajala kitu, anatafuna mkanda wa begi langu.

Kroasanti ya kwanza ilikuwa Arusha. Nilikuwa nimepeleka kuku kwenye hoteli, na mpishi aliponiona nahangaika na mtoto anayelia njaa akanielekeza duka la Mfaransa nyuma ya mtaa. Niliingia na ndala zangu za kazi ya kuku. Yule mama wa Kifaransa, Kiswahili chake cha kuchongachonga, hakunicheka nilipouliza kuhusu karanga. Alinipeleka jikoni. Akanionyesha siagi, unga, jinsi wanavyokunja na kupumzisha na kukunja tena, akanionyesha kisu cha mkate na kisu kingine cha vitu vyenye lozi na karanga, vimetundikwa kuta tofauti. Mtoto alikula mpaka vipande vikamjaa shingoni. Mimi nikala kilichobaki. Kilivunjika kama jani kavu la mhindi, halafu ndani kikawa laini, na harufu ya maziwa ikapanda puani. Nilikaa kwenye kiti cha pale dukani nikalegea mwili mzima. Sikuwa nimelegea tangu siku ya mlenda.

Basi nikawa mtu wa kutafuta. Kila mji nilikofikisha kuku niliuliza, "Wapi wanaoka vitu vya Kifaransa?" na watu wakanitazama miguuni kwanza. Mwanza nilipata duka juu ya ngazi, ekleri zao, vile vikeki virefu vya krimu, nzuri ila kroasanti nzito, zimekandwa kwa hasira. Dodoma kulikuwa na kijana aliyejifunza Dar, kroasanti zake zilikuwa karibu na za Arusha, lakini ukifika mchana zimekwisha. Sehemu nyingine, sitaitaja, waliniuzia skonzi iliyopindwa wakaniambia ndiyo Kifaransa. Kila mahali niliuliza vilevile: mafuta gani, ndani kuna nini, kisu hiki kimekata nini. Kroasanti niliimega mwenyewe, nikainusa, ndipo nikampa mtoto. Lozi tulizijaribu mbele ya daktari, hazikumdhuru, kwa hiyo kroasanti ya lozi ikawa zawadi yake ya safari.

Mume wangu alianza kunitania. "Unauza kuku au unafukuza keki? Safari ya Mwanza umeiongeza kwa sababu ya kuku gani?"

Alikuwa na haki kidogo. Nilianza kupanga safari kwa kufuata maduka. Nikikaa nyumbani kwa muda, miguu inawasha. Nikiwa nyumbani naona karanga kila mlango, jirani anakaanga, watoto wanatafuna wanamkimbilia wangu wamgawie. Nikiwa njiani angalau najua ninakokwenda kuna meza moja ambapo naweza kumweka mtoto na nisimwangalie mdomoni. Nilichoka, lakini kuchoka njiani kulikuwa nafuu kuliko kuchoka nyumbani.

Ndiyo maana duka lilipofunguliwa Utemini, umbali wa kutembea kutoka kwangu, nilifurahi kijinga. Mwenyewe alikuwa amefanya kazi kwenye hoteli Dar, akarudi kwao. Nikajiwazia: sasa nitatulia. Nitauza kuku kwa wateja wa hapahapa. Mtoto atakuwa na mahali pake pa kula mjini kwake, kama watoto wengine.

Nilikwenda siku ya pili tu ya kufunguliwa. Nikauliza maswali yangu. Mwenye duka mwenyewe alikuwepo, na aproni yake nyeupe.

"Karanga?" nikamuuliza.

"Mama, hapa Kifaransa tupu. Karanga kafuate stendi."

"Na hii ya lozi?"

"Lozi."

Niliimega. Nikainusa. Sukari ilikuwa nyingi, vanila nyingi, ikafunika kila kitu. Nikampa.

Sitasimulia yote. Alianza kwa kujikuna shingo. Halafu kikohozi. Halafu kifua kikaanza kupiga mluzi, na nikaona midomo inageuka rangi. Bodaboda aliyetupeleka hospitali alipita kwenye taa nyekundu bila mimi kumwambia. Wakamchoma sindano, wakamwekea hewa puani, nikasimama nimeshika kiatu kimoja cha mtoto, kingine sijui kilianguka wapi. Nesi alisema tungechelewa kidogo angekuwa anasema nami mambo mengine.

Hata baada ya hapo nilivumilia, nataka hilo lieleweke. Nilimpigia mwenye duka kwa namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa kitafunwa. Nikamweleza kwa adabu. Akasema pole sana, atarekebisha. Nikamwamini. Ndipo nikarudi, nikakuta kikaratasi kilekile, na sinia ileile, na "nani atajua."

Mwenye duka alifika na pikipiki akiwa bado anahema. Akaangalia sinia sakafuni, akaniangalia mimi.

"Mama, unaniharibia biashara."

"Uliniambia lozi."

"Singida hii lozi nitazitoa wapi? Hata nikiagiza, nani atamudu? Karanga ndiyo lozi yetu. Ni chakula, siyo sumu. Watu wote hawa wanakula."

"Andika karanga, basi."

"Nikiandika karanga nani atanunua kroasanti ya karanga?"

Hapo nilimwelewa kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Kwake karanga haiwezi kumdhuru mtu, kama vile maji hayawezi. Amekua nazo, mama yake amekua nazo, kwa hiyo kudanganya kuhusu karanga aliona ni kama kumwita kuku wa kisasa "wa kienyeji". Hakuna aliyewahi kufa. Alimwangalia mwanangu mgongoni, ambaye alikuwa ananichezea nywele, akasema, "Mbona mzima?"

Nilitoka nikaenda moja kwa moja ofisi ya afya ya manispaa, sikupita nyumbani hata kunywa maji. Afisa alinisikiliza akiwa amesimama, anataka kutoka. Akasema, "Sasa dada, karanga si sumu kisheria." Nikamwambia sikuja kwa ajili ya karanga, nimekuja kwa ajili ya kuambiwa uongo nilipouliza. Akakaa. Akasema maneno ya mdomo hana pa kuyaweka, niandike. Nikaandika palepale kwenye benchi la nje, mtoto anavuta kalamu, kwa hiyo mwandiko ulipindapinda. Niliandika hivi:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DUKA LA VITAFUNWA, UTEMINI

Mimi ni mkazi wa Utemini, mfanyabiashara, mama wa mtoto mmoja. Mtoto wangu hawezi kula karanga, na cheti cha daktari, ambacho natembea nacho siku zote, nimekiambatanisha.

Niliuliza dukani kama kitafunwa kina karanga, nikajibiwa na mwenye duka kwamba hakina. Kilikuwa nazo. Mtoto alilazwa. Nilimjulisha mwenye duka, akaahidi kurekebisha, akaendelea kuuza kwa jina lilelile.

Sidai fidia. Siombi duka lifungwe, kwa sababu vitafunwa vyao vingine ni vizuri na mji unavihitaji. Naomba mambo haya: kila kitafunwa chenye karanga kiandikwe karanga, mteja akiuliza kilichomo aambiwe ukweli, hata kama muuzaji anaona swali ni la kijinga, na afisa afike dukani leo, siyo wiki ijayo, kwa sababu ile sinia nimeiacha sakafuni na naamini wameshairudisha kabatini.