Nyekundu Zenu, Nyeupe Zangu

Kwenye ukuta wa saluni yangu, mkabala na kioo, umetundikwa ubao wenye miraba hamsini na miwili. Kila mraba ni Jumapili moja ya mwaka. Jumapili yenye mbio za magari ya langalanga hupakwa rangi nyekundu na kuandikwa jina la uwanja. Isiyo na mbio huachwa nyeupe. Mteja akikaa kwenye kiti huuona ubao kupitia kioo, herufi zimegeuka na Desemba imetangulia Januari, na wapo wanaonilalamikia kwa hilo kana kwamba kioo nilikitengeneza mimi.

Aliyeuchora ni fundi mabango ambaye mtaa mzima tunamwita Kalenda. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye madoa ya rangi kwenye kucha ambayo sabuni zote zimeshindwa kuyatoa. Duka la dawa, gereji, shule ya chekechea, kote huko ni mkono wake. Na kama umewahi kumpa kazi, basi unajua anavyoudhi. Atanyoosha uzi wa chaki, atapima, atarudi nyuma hatua sita, atakodoa macho, halafu atapima tena, na wewe umesimama juani hujaona hata herufi moja. Ukimwambia afanye haraka anakujibu, "Ninapima nafasi. Nafasi nayo ni herufi." Mwenye gereji aliwahi kumtaka aandike huduma kumi na tano kwenye ubao wa huduma saba. Kalenda alikunja ngazi yake akaondoka.

Mtu wa namna hiyo ungedhani ana subira na kila kitu. Kwenye langalanga hana. Msimu ukianza, Jumapili yuko saluni kwangu saa moja kabla ya magari kuwashwa, kwenye benchi mbele ya televisheni, mkono wa kushoto kwenye goti, na hapo hata umwambie nyumba yake inawaka atakuuliza kama moto umefika jikoni au bado.

Mwaka alipochora ubao wa kwanza, mbio zilikuwa kumi na sita. Mkewe alikuja kuutazama. Huyo nilimwita shemeji, maana Kalenda kwangu ni kaka ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alikuwa dobi wa hospitali. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa kwenye chumba cha kufulia, anakunja mashuka na kuyapitisha kwenye pasi kubwa ya mvuke, na mikono yake ilikuwa laini ajabu kwa ule mvuke, laini kama ya mtu asiyefanya kazi. Jumapili ndiyo siku yake pekee. Alisimama mbele ya ubao, akahesabu kwa kidole, akacheka.

"Haya shemeji, tuelewane," akaniambia. "Nyekundu zenu, nyeupe zangu."

Tukapeana mikono, mimi na yeye, na Kalenda akiwa shahidi. Ikawa ndiyo lugha yao. Ukimkuta Kalenda barabarani Jumapili amevaa shati lililopigwa pasi, ukimuuliza anakwenda wapi, anakwambia, "Leo ni nyeupe." Basi, umeelewa. Walikwenda kutembea bustani ya mji, walikwenda kuona maonyesho ya mashine, mara nyingine walikaa tu barazani wakimenya machungwa. Shemeji hakuwa mtu wa mambo makubwa.

Kisha ratiba ikaanza kunenepa. Kumi na sita zikawa kumi na nane, zikawa ishirini na moja, zikawa ishirini na sita. Kila mwaka kulikuwa na mji mpya uliotaka kiwanja: kimoja jangwani, kingine kinapita katikati ya maghorofa, kingine kimejengwa juu ya kinamasi kilichofukiwa. Saluni yangu ikagawanyika. Fundi umeme wa mtaa wa nyuma alishangilia kila tangazo. "Waongeze!" alikuwa akisema. "Mimi wakiweka mbio hata Jumatano nitakuja." Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa Ijumaa, alikuwa akitikisa kichwa chini ya mashine mpaka naogopa kumkata. "Zamani ulikuwa unangoja mbio wiki tatu, unaota kona zake usiku. Sasa hujamaliza kuijadili moja, nyingine hii hapa. Viwanja vyenyewe vyote vinafanana, na vile vya zamani vyenye msitu na vilima wanavifuta."

 Kalenda yeye alikuwa anakuja tu Januari na kopo la nyekundu. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wa fundi umeme. Nyekundu zilinijazia benchi, na nazipenda mbio, sitasingizia kitu. Kila Januari shemeji alipita, akahesabu zake, akasema, "Mnanila, shemeji. Mnanila polepole." Alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nacheka.

Sasa shemeji alikuwa na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada huyo alikuwa akiishi mbali, safari ya siku mbili kwenda na mbili kurudi, na miguu yake haikumruhusu tena kusafiri. Walikuwa hawajaonana miaka tisa. Shemeji alitaka waende wote wawili, yeye na mumewe, wakae wiki mbili. Hesabu yake ilihitaji nyeupe mbili zinazofuatana kwenye majira ambayo hospitali hutoa likizo, yaani kati ya Agosti na Oktoba. Na huko ndiko ratiba ilikokuwa imebanwa zaidi. Kalenda alikuwa akimwambia, "Mwakani." Najua mnachotaka kuuliza: si angekosa mbio moja tu, dunia ingeisha? Hata mimi namuuliza hivyo, moyoni. Lakini wakati ule sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa nataka awepo kwenye benchi.

Mwaka juzi ikatokea bahati. Kiwanja kipya kilichopangiwa Septemba hakikukamilika, lami ilikuwa inapasuka, wakafuta mbio zake. Jumapili iliyofuata tayari ilikuwa nyeupe. Zikawa mbili. Kalenda alikuja mbio mbio na kopo la nyeupe, sijawahi kumwona vile, akaupaka ule mraba bila kupima chochote. Shemeji aliomba likizo siku hiyo hiyo, akampigia dada yake simu, akashusha begi kutoka juu ya kabati.

Hapo Kalenda alifanya kosa ambalo hata mwanafunzi wake asingelifanya. Nyekundu ya mafuta haifunikwi na nyeupe hivi hivi; lazima kwanza upake rangi ya kuzuia, uiache ikauke, ndipo upake nyeupe. Bila hivyo nyekundu hupenya. Alijua. Furaha ilimsahaulisha. Wiki haikuisha, mraba ukawa wa waridi. Shemeji alipouona alishika kiuno.

"Mume wangu, mbona nyeupe yangu inaona haya?"

Tulicheka wote, hata mwalimu.

Halafu waandaaji wakaleta kura. Ujumbe uliingia kwenye simu za mashabiki wote waliojiandikisha: pengo la Septemba liachwe, au lijazwe kwa mbio kwenye njia mpya iliyopendekezwa, inayozunguka bandari ya mji fulani? Ilikuwa Alhamisi mchana. Kalenda alikuwa juu ya ngazi nje ya saluni, anaandika upya jina la saluni yangu, brashi moja mkononi na nyingine ameiuma kwa meno. Simu yake ilikuwa mezani kwangu, kwenye chaji. Jenereta la jirani lilikuwa linanguruma. Nikatoka na simu yake mlangoni.

"Kaka! Kura imekuja! Wanataka kujaza Septemba. Nikubonyezee ndiyo?"

Akajibu kwa ile brashi mdomoni. Mimi nilisikia "mhm." Nikabonyeza ndiyo, nikarudi ndani nikiwa nimefurahi.

Saa tisa shemeji alipita akitoka kazini, amebeba viatu vyake vya plastiki vya kazini kwenye mfuko. Kalenda alikuwa ameshakwenda kununua rangi. Nilimwita. Mdomo wangu huu! Nikamwambia, "Shemeji, jiandae, tunakula tena moja yako! Tumepiga kura Septemba ijazwe."

"Nyote?"

"Sote! Hata mumeo. Yeye wa kwanza."

Nilidhani atanirudishia utani kama kawaida. Aliutazama ule mraba wa waridi. Akahamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Haya," akasema, akaenda zake.

Baada ya siku nane wakatangaza kwamba pengo limejazwa. Kalenda alikuja na kopo la nyekundu, uso umemkunjamana, akaandika jina la ule mji wa bandari kwa herufi mbaya kuliko zote alizowahi kuandika.  Septemba ikaja, mbio zikafanyika, zikawa mbovu, magari yalifuatana kama mchwa kwa saa mbili bila hata mmoja kumpita mwenzake. Hata fundi umeme alisinzia.

Mwezi wa kumi na moja, Jumanne, shemeji alianguka kwenye chumba cha kufulia mbele ya pasi ya mvuke. Ilikuwa ni presha. Wenzake walimfikisha wodini kwa kumbeba wenyewe, wakamlaza kwenye shuka ambalo huenda alilikunja yeye. Siku ya tatu akafariki.

Dada yake alikuja mazikoni. Alisafiri siku mbili na miguu ile ile isiyomruhusu, watu wawili wakimshika mabegani. Alipofika hakulia mbele yetu. Alikaa kando ya Kalenda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Septemba nilikuwa nimeshamtandikia kitanda. Sikukitandua mpaka Oktoba." Kalenda aliinama hivi, akaficha uso kwenye magoti, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kukaa mle ndani.

Mwaka huu, Januari, waandaaji wametoa mapendekezo mapya. Mbio thelathini. Viwanja vitatu vipya, kimoja kisiwani. Saluni ilifurika maoni siku hiyo. Fundi umeme alisema hayo ndiyo maendeleo, watu wa kule nao wanastahili kuyaona magari kwa macho yao. Mwalimu alisema watu wa kule wataletewa kelele na lami, kisha wataachiwa majukwaa matupu. Wakabishana mpaka wakachoka, ndipo wote wakamgeukia Kalenda kwenye benchi. Tangu shemeji aondoke alikuwa haji mara kwa mara.

"Wewe ndiye mwenye ubao," fundi umeme akamwambia. "Sema neno."

Kalenda akasugua doa la rangi kwenye ukucha. "Mtu akiniletea maneno thelathini kwenye ubao wa maneno kumi na sita," akasema, "naweza kuyaingiza yote. Nitayabana. Lakini hutasoma hata moja. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na nne, kila siku nawaambia watu nafasi nayo ni herufi. Nyumbani kwangu sikupima."

 Mwalimu alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Mmoja mmoja wakakumbuka walikuwa na shughuli.

Tulipobaki wawili Kalenda akahamia kwenye kiti, akaniomba nimnyoe ndevu. Nikamfunga shuka shingoni, nikampaka povu. Kwenye kioo alikuwa anautazama ubao wa mwaka juzi, ambao hajaubadilisha na mimi sijamwomba aubadilishe.

"Mdogo wangu," akasema, "nikwambie kitu, na usiumie. Ile siku ya kura nilisema mm-mm."

Wembe ukasimama mkononi.

"Nilikuwa na brashi mdomoni, hukunisikia. Jioni nikaona ujumbe kwenye simu: asante kwa kura yako ya ndiyo. Nikajua umekosea. Sikukwambia, ungejisikia vibaya, na kura moja haijazi pengo la dunia nzima. Hata walipotangaza, nilikuwa nimeamua. Nilisema nitakwenda naye, mbio zikimbie zenyewe. Nikarudi nyumbani kumwambia, nikakuta ameshatoa nguo zote kwenye begi na begi liko juu ya kabati. Akasema haina haja, mashuka ni mengi kazini, likizo ameirudisha. Nilimuuliza mara moja tu. Mungu anisamehe, nilipata na kaunafuu kidogo. Nikakaa nikaangalia mbio."

Povu lilikuwa linakauka shavuni kwake. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Nimejilaumu kwa mengi," akaendelea, "na nitaendelea. Lakini kuna jambo moja linanipa usingizi. Ile kura hakuijua. Angesikia kwamba na mimi nimesema ndiyo, sijui ningeishi vipi. Bahati nzuri hakuna aliyemwambia."

Alikuwa ananitazama kupitia kioo, ananingoja nikubali. Mdomo wangu huu, ambao siku ile haukuweza kukaa kimya hata dakika moja, ulikuwa umefungwa.

"Mhm," nikasema.

Nikamwomba ainue kidevu, nikaendelea kunyoa.