Baiskeli Moja kwa Miguu Yote

Evode Sebarenzi alikuwa mfupi, na heri tuliseme mapema, maana watu walimwambia kila siku bila haya. Kwao Kingi walimtania hivyo tangu utotoni na hakujali. Alianza kujali mwaka 1953, alipokuwa tarishi wa shamba moja la pareto huko milimani Masisi. Mara mbili kwa wiki alichukua barua zilizoshushwa na lori Mubambiro, akapita Sake, akaupanda mlima mpaka ofisi ya shamba. Baiskeli aliyopewa, kinga kama walivyoiita huko, ilikuwa ya shamba, na kila alipofika juu magoti yalikuwa yanawaka moto.

Kazi ilikuwa ngumu, ila ilikuwa na buku, kijitabu cha kuthibitisha kwamba mtu ameajiriwa. Mwenye buku ya kazi hakuguswa watu wa chifu walipopita kukusanya wanaume wa kuchimba barabara. Viateur, kaka yake Evode, hakuwa nayo. Walimchukua mzima, wakamrudisha na mgongo uliopinda, na ingawa alikuwa na miaka thelathini tu, alitembea akitazama vidole vyake vya miguu. Kwa hiyo Evode alikuwa tayari kuvumilia maumivu ya magoti, mradi buku ibaki mfukoni.

Basi sikia kilichofuata. Mzungu wa shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Saa kwa jinsi alivyotazama saa ya mkononi kila mara, alitoa amri. Tarishi atakayeonekana ameshuka na kuisukuma baiskeli mlimani atanyang'anywa buku. Matarishi walikuwa wanne. Watatu walikuwa warefu, na mrefu kuliko wote alikuwa Barthélemy, mtu wa msitu wa Walikale, rafiki yake Evode. Baiskeli zote nne zilikuwa za kipimo kimoja, kana kwamba wanne hao walizaliwa na mama mmoja siku moja.

Evode alikwenda kwa karani Gustave, aliyekuwa akivaa tai hata siku ya mvua.

"Bwana Karani, manivela ya kinga, hii mikono mbili ya pedali, iko murefu sana kwangu. Goti inapanda mpaka kwa kifua. Naomba ingine."

Gustave hakuinua hata macho. "Kinga iko moja kwa bote. Shida iko kwa miguu yako."

Evode alitoka pale kwa hasira. Aliteremka mpaka Sake kwa fundi Isidore, mzee mwenye maneno machache na mikono myeusi kwa grisi. Isidore alimpima kwa kamba kutoka kwenye nyonga mpaka chini, kisha akafukua katika lundo la vyuma vyake. Akatoa manivela za baiskeli chakavu ya masista. Zilikuwa fupi kuliko zake kwa upana wa kidole kimoja tu.

"Hii itaokoa goti," alisema. "Lakini manivela mufupi inapunguza nguvu. Lazima tubadilishe na meno. Plato ya mbele ikuwe mudogo, pinyo ya nyuma ikuwe mukubwa."

Hapo ndipo Evode alipokosea, na kosa lilikuwa la vijana wote wa Sake. Siku za soko walikuwa wakizipanga baiskeli na kuhesabu meno ya gurudumu la mnyororo la mbele, lile plato, na mwenye meno arobaini na nane ndiye aliyekuwa dume. Baiskeli ya Evode ilikuwa nayo yote arobaini na nane. Kwa mtu aliyechekwa ufupi maisha yake yote, hilo halikuwa jambo dogo.

"Meno usiguse, Papa Isidore. Bantu watanicheka."

Isidore akafunga manivela tu, meno hakuyagusa. Keshokutwa yake Evode alikwama kwenye kona ya pili ya mlima. Goti halikuuma, lakini pedali ilikataa kabisa kuzunguka. Alichungulia huku na huku, akaona hakuna mtu, akashuka akasukuma. Alirudi kwa fundi akifoka kama yeye ndiye aliyedanganywa.

"Nilikuambia," alisema Isidore. "Weye ulichagua macho ya bantu. Sasa chagua muguu yako."

Evode alitukana, kisha akakubali. Plato ikawa ya meno arobaini, na pinyo, lile gurudumu dogo la meno la nyuma, ikatoka kumi na nane ikawa ishirini na mbili.

Kwenye tambarare ya Mubambiro ilikuwa aibu tupu. Miguu ilizunguka mbio na baiskeli ilikwenda polepole, na akina mama wenye vikapu walicheka mpaka wakaweka mizigo chini. Evode alikaza meno. Lakini mlima ulipoanza, aliketi tu akazungusha. Kona ya pili ikapita, ya tano ikapita, na alifika ofisini kabla ya saa nne ya asubuhi, wakati alizoea kufika saa saba mchana. Bwana Saa alitazama mkono wake, akamtazama Evode, akauliza jambo kwa Kifaransa. Gustave akajibu upesi, akijigusa kifua.

Wiki sita baadaye baiskeli zote nne zilikuwa na meno madogo na manivela fupi. Shamba zima lilisema ni akili ya karani. Evode alimeza hilo.

Halafu Bwana Saa akapiga hesabu ya saa zake. Barua sasa zilifika upesi, kwa hiyo matarishi watatu walitosha. Gustave alimwita Evode, akanyoosha mkono apewe buku.

"Mimi njo nilifanya ile kinga!" Evode alipiga meza mpaka wino ukamwagika. "Mimi! Na unanifukuza juu ya kazi yangu?"

"Uko mufupi kuliko benzako," Gustave alisema, akifuta wino. "Tulianza na weye."

Siku ya tisa watu wa chifu walifika Kingi. Mke wa Evode, Mukankusi, aliwafukuza kwa mwiko wa ugali mpaka kwenye ua, lakini walimchukua mumewe wakampa jembe. Evode akawekwa kuchimba mfereji kando ya barabara ya mlima.

Huko ndiko alikomwona Barthélemy akipanda. Yule mrefu alijikunja juu ya manivela fupi, mapaja hayana pa kunyooka, jasho linamchuruzika, na uso umekunjamana kwa maumivu. Alipomfikia Evode akaegemea upande mmoja, tayari kushuka.

"Kaka, siwezi tena. Mapaja inakufa."

Evode alikuwa na hasira na dunia nzima, hata na Barthélemy, aliyebaki na buku. Lakini nyapara wa barabara alikuwa amesimama hatua ishirini juu, akitazama, na habari ya tarishi aliyeshuka ingefika kwa Bwana Saa.

"Usishuke!" alifoka. "Panda, weye mujinga! Kesho uende kwa Papa Isidore, akupatie manivela murefu, ya kipimo yako!"

Akatupa jembe, akashika tandiko kwa mikono yenye udongo, akasukuma. Nyapara alimpigia kelele arudi kwenye mfereji. Evode hakumgeukia. Aliendelea kusukuma huku akimtukana Gustave, Bwana Saa, mlima na Barthélemy mwenyewe, mpaka baiskeli ikapata mwendo na kumtoka mikononi.