Kisu Kisichonolewa

Mwaka ule tulikula michembe mpaka watoto wakasahau rangi ya ugali. Mahindi yalikaukia shambani, na viazi tulivyokata na kuanika msimu wa nyuma ndivyo vilivyotuvusha. Mwaka huohuo mjukuu wangu, anayefanya kazi jikoni kwenye hoteli Geita mjini, aliniletea kisu kidogo chenye meno, cha kukatia nyanya na jibini. Na kipande cha jibini chenyewe alileta. Babu yake akakinusa, akauliza, "Hii ni ya kufulia au ya kuogea?"

Jibini tuliila. Kisu kikaingia mikononi mwa babu.

Mume wangu ni mnoaji, wanangu. Mapanga, mashoka, majembe, watu wanamletea kutoka vijiji vya mbali. Jiwe lake liko pale mlangoni, limebonyea katikati kama mgongo wa punda. Alipokiona kile kisu akasikitika. "Masikini mtoto, wamempa kisu kilicholiwa." Mimi nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa ameyasugua meno yote, kisu laini kama ulimi, naye anajipangusa jasho anangoja asante. Nikakijaribu. Nyanya ikabonyea, ikanitemea mbegu kifuani.

Mjukuu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Akaleta cha pili. "Bibi, hiki hakinolewi. Meno ndiyo makali yake."

Kikaja kwa wakati wake. Msimamizi wa duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Mwakitolyo alikuwa anatafuta mama wa kuwapikia wachimbaji wake chakula cha mchana. Tulibaki wawili, mimi na jirani yangu, kila mmoja apike siku moja waonje. Niliitaka kazi ile kuliko mvua, sisemi uongo.

Jirani akatangulia. Anajua kupika, sikatai. Lakini nyanya zilikuwa adimu, na zake alizikata kwa kisu butu zikapondeka. Waliokuwa nyuma ya foleni wakaambulia maji mekundu.

Siku yangu ikafika. Nina nyanya nne, zimeiva kupita kiasi, na vinywa ishirini vinangoja. Mume wangu akaja kashika jiwe. "Lete nikipitishe kidogo tu, mke wangu. Leo siku kubwa."

"Mkono wangu nitakupa, kisu hiki sikupi."

Akaenda kukaa. Mimi nikakata. Kile kisu hukisukumi, unakivuta tu, nyanya inaachia vipande vyembamba mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Mikono iliyokata michembe tangu usichana wangu ikajua njia yenyewe. Nyanya nne zikajaza sinia.

Kule duarani kila mchimbaji akapata kipande chake juu ya maharage. Wa mwisho kutoka shimoni, vumbi mpaka kwenye kope, akainua chake akakitazama juani. "Mayu, mama yangu, hii umekata au umechora?" Wakacheka wote. Msimamizi hakumaliza hata sahani. "Mama," akasema, "kesho njoo na masufuria yako yote."

Nilirudi nyumbani natembea kama binti aliyetolewa ng'ombe thelathini. Mume wangu yuko mlangoni, jiwe keshalimwagia maji.

"Hongera, mke wangu. Kimefanya kazi, sasa kimechoka. Lete."

"Mkono wangu nitakupa, kisu hiki sikupi."