Santuri ya Watu Wanaotoka Ukumbini

Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule. Miaka ishirini na tisa, mtambo uleule. Ungemuuliza amechoka wapi angekwambia magoti, kiuno, na maneno ya watu. Masikio hakuyataja. Masikio ndiyo yalikuwa fahari yake. Mtambo ukianza kuumwa, yeye huweka kiganja juu ya bodi, anainamisha kichwa, anasema, "Beringi, roli ya tatu. Mpe siku nne." Siku ya nne beringi inakufa, na meneja anabaki mdomo wazi.

Vile vifuniko vya masikio walivyogawiwa na kampuni alivitundika kwenye msumari. "Mganga gani anampima mgonjwa huku amejiziba masikio?" aliwauliza wenzake. Wakacheka. Hakuna aliyebisha, maana hoja ilikuwa nzuri. Hoja nzuri zimemaliza watu wengi.

Saa tisa alasiri alikuwa nyumbani, mikono inanuka mafuta ya taa aliyotolea wino, na hapo ndipo maisha yake halisi yalipoanza. Chumba cha mbele kilikuwa na gramafoni, spika mbili alizozipiga misumari mwenyewe kwa mbao za makreti ya karatasi, na santuri mia nne na kumi na mbili. Jazi. Na usifikirie jazi ya kuchezea harusini. Yake ilikuwa ile nyingine, ambayo saksafoni inalia kama mlango uliokosa mafuta, ngoma hazisubiriani, na mtu anakuna nyuzi za piano kwa kijiko. Kwa wengi huo ni ugomvi tu. Yeye alikuwa na jibu moja: "Mtambo unasema neno lilelile kutwa nzima. Nikirudi nataka mtu asiyerudia." Na kweli, uchovu wake haukuwa na dawa nyingine. Hanywi, hatazami mpira, kulala mchana kunamuumiza kichwa. Ukimnyang'anya zile santuri, anayebaki ni mzee anayenuka mafuta.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea sare za shule chumba cha ndani, ukuta mmoja tu kutoka kwenye spika. Huo muziki aliuvumilia kama unavyovumilia mkwe anayekoroma: ni wako, utafanyaje.

Mwenzake katika ugonjwa huu alikuwa mmoja tu, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekaa mtaa wa pili. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana Mwalimu alikuja na daftari. Masharti yao yalikuwa makali: inapigwa santuri moja, hakuna kufungua mdomo mpaka upande uishe, halafu kila mtu anasema jambo moja, na Mwalimu analiandika. Kuna dini zina masharti machache kuliko hayo.

Sasa, kulikuwa na santuri moja Fundi aliitafuta miaka sita. Aliisoma kwenye gazeti la zamani la muziki: onyesho la mtu mmoja, limerekodiwa ukumbini, na watu walishindwa kuvumilia wakaanza kutoka. Gazeti halikusema anapiga chombo gani. Hiyo ndiyo ilimmaliza kabisa. Kinyozi mmoja wa mji mwingine, aliyekuwa anafunga duka, akakubali kubadilishana: hiyo moja kwa santuri tatu nzuri. Akajazia na nyingine ndogo bado iko kwenye nailoni, kama nyongeza. Mzigo ukafika Jumatano.

Jalada la kijivu. Picha ya kiti kitupu. Maandishi ya lugha asiyoijua.

Akaweka sindano. Akangoja. Hakuna kitu. Akakagua waya, akapuliza sindano, akaongeza sauti. Akasikia mvumo wa ukumbi, mtu akakohoa. Kiti kikaburutwa. Halafu hatua, ko, ko, ko, zikienda mbali, mlango ukajifunga. Kimya. Hatua nyingine.

Nywele zikamsimama. Akaelewa! Yule mwanamuziki hapigi chochote. Amekaa tu, na watu wanaondoka mmoja mmoja, na huko kuondoka kwao ndiyo muziki wenyewe. Miaka sita, na imestahili.

Alhamisi akaipiga tena, na sauti ameiongeza. Mkewe akatokea mlangoni, kiganja sikioni, uso umekunjamana.

"Unasikia kimya hicho, mama?" Fundi akamwambia kwa upole.

Mkewe akarudi ndani akafunga mlango. Fundi akafurahi. Baada ya miaka ishirini na saba ya ndoa, mke wake ameguswa.

Ijumaa akaipiga mara mbili. Mkewe akabeba mashati yake akaenda kushonea kwa jirani.

Jumamosi Mwalimu akaja, akafungua daftari, akakaa. Sindano ikashuka. Dakika ya kwanza Mwalimu alishtuka kama mtu aliyekalia pini. Dakika ya tano alishika mikono ya kiti. Ya kumi na tano machozi yalikuwa yanamlengalenga. Fundi akamtazama akasema moyoni, huyu naye imemwingia.

Upande ukaisha.

"Anza wewe," Mwalimu alisema.

"Kimya," akasema Fundi. "Dakika kumi na tisa za kimya. Kawaacha watu wenyewe wawe muziki."

Mwalimu akamkodolea macho. Akafikiri, halafu akaandika pole pole. "Kimya... ndani ya ule ukali wote, wewe umefika kwenye kimya. Fundi, mimi bado sana. Mimi nilikuwa nahesabu dakika ziishe."

"Ukali gani?"

"Wa toazi. Au chuma gani kile anachokikwaruza kwa upinde wa fidla."

"Toazi lipi?"

Mwalimu akatikisa kichwa, akatabasamu kama mtu anayefundishwa. "Kweli kabisa. Toazi lipi!" Akaandika na hilo.

Wangeweza kuendelea hivyo mpaka kiama, wasomi hao wawili, kama mlango wa ndani usingefunguka.

"Shemeji, nisamehe, mimi si mtu wa kuingilia wageni," mke wa Fundi alisema, futi ya kupimia bado iko shingoni. "Lakini leo siku ya nne. Nimeshona mikono ya mashati ndani nje. Jirani ameniuliza kama humu tunachinja bati. Na huyu bwana kila siku ananiambia nisikilize kimya. Baba, umetia nta masikioni, au unanifanyia kusudi?"

Fundi akacheka. Akacheka peke yake. Hao wawili walikuwa wanamtazama.

"Haya, nionyesheni linapoanza," akasema. "Likilia, inueni mkono."

Akashusha sindano. Kabla hajanyoosha mgongo mikono yote miwili ilikuwa juu, ya mke na ya Mwalimu, kama wanafunzi wanaojua jibu. Fundi akasogeza kichwa mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika. Kikohozi. Kiti. Hatua.

"Bado linalia?"

"Linalia, Fundi." Mwalimu akafunga daftari taratibu. "Toa kichwa hapo, ndugu yangu. Utajiumiza."

Jumatatu akaomba ruhusa akaenda zahanati. Nesi wa vipimo akamvalisha vispika vya masikioni, akamwambia abonyeze kitufe akisikia mlio. Akabonyeza, akabonyeza, halafu akakaa. Alikaa sana. Akadhani mashine imekatika.

Nesi akamwonyesha mstari kwenye karatasi. "Sauti nzito, mzee, uko vizuri. Hapa unaanza kushuka. Huku kwenye sauti nyembamba..." Kalamu ikateremka mpaka ikatoka nje ya karatasi. "Huku basi."

"Itarudi?"

"Hairudi. Kazini mlipewa vya kuziba masikio?"

"Tulipewa."

Hakumgombeza. Hata yeye alikuwa amechoka, kwenye benchi nje kulikuwa na watu kumi na wanne.

Njiani Fundi akajiuliza kuhusu zile beringi. Kwani miaka hii ya mwisho alizisikia, au alizigusa tu kwa kiganja? Magoti yalikuwa yanauma.

Nyumbani akatoa santuri anayoipenda kuliko zote. Akaipiga, na matoazi yalikuwepo! Yote, yanamwagika kama mchanga kwenye bati. "Nesi hajui kazi," akasema kwa sauti. Halafu, kwa tabia yake ya kupima kila kitu, akainua sindano katikati ya wimbo. Spika zikanyamaza. Matoazi yakaendelea kidogo, kichwani mwake.

Akakaa chini.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Hajui tangu lini, alikuwa hasikii, anakumbuka. Zile mia nne za zamani angebaki nazo, zimeshaingia. Ila mpya yoyote, kuanzia leo mpaka kaburini, ataipata nusu. Na mtu anayetaka asiyerudia, sasa amebakiwa na marudio tu.

Alikaa mpaka cherehani ikanyamaza kule ndani. Halafu akachukua ile santuri ya nyongeza, akaichana nailoni, akamwita mkewe.

"Nina mikono kumi na miwili ya kushona," mkewe akasema.

"Upande mmoja tu. Matoazi yakiingia inua kidole, yakitoka shusha."

"Mimi nitajuaje matoazi ni yapi?"

"Ni yale yanayokuudhi."

"Yote yananiudhi."

"Basi yanayokuudhi zaidi."

Akavuta pumzi, akakaa, shati bado liko mapajani. Fundi akashusha sindano. Besi akaisikia, tromboni akaisikia. Kidole kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, kikakaa. Mkewe alikuwa amekunja uso vile anavyokunja akihesabu mishono.

"Sasa yako mawili," alisema. "Moja linasema, jingine linajibu. Hilo la pili dogo, kama sarafu imeanguka mbali."

"Linajibu nini?"

"Subiri kwanza, limekatika. Ehe, hilo."

Fundi hakuangalia tena gramafoni. Aliangalia kidole, chenye kastabini ya shaba ya kushonea, kikitetemeka kwa kuchoka kila kinapokaa juu sana. Upande ukaisha, sindano ikaanza kugonga katikati.

"Nigeuze?" Fundi akauliza.

"Mkono umeniuma. Wa pili kesho." Mkewe akachukua shati lake, akaingia ndani.

Fundi akazima. Akaiacha santuri palepale ilipo, akaenda kuoga.