Maji ya Kasha Iko na Miaka Ngapi?

Déborah njo alianzisha ile fujo yote, na vidole vyake mwenyewe, ku statut ya WhatsApp.

Kazi yake ni kuchota maji. Anazunguka Bukavu na machupa, anayafunga muzuri hewa isiingie, kisha mukubwa wake, Papa Télesphore, anayatuma ku labo ya inje. Kule banapima kaboni. Maji ya mvua inaingia mu udongo na kaboni ya mupya, na miaka ikipita, sehemu moja ya ile kaboni inapotea pole pole. Kukibakia kidogo, maji ni ya zamani.

Résultat ya kisima cha Kasha, mutaa wa kwabo na Déborah, ikafika: miaka elfu kumi.

"Tungoje kipimo ya pili," Papa Télesphore akasema.

Kungoja? Déborah? Alikuwa ameisha kuposti: "Maji yetu iko na miaka 10.000. Muheshimie muzee!"

Kasha yote ikaingia mu muchezo. Ba maman bakifika ku kisima banainama: "Jambo muzee!" Maji inatoa mapovu, banasema muzee amejibu. Lakini Maman Colombe, mwenye kutia chlore, dawa ya kuua microbe, mu mabidon tangu kipindupindu irudie, bakaanza kumupita.

"Microbe gani itaishi miaka elfu kumi? Zote zilikufa na uzee!" banamuambia.

Résultat ya pili ikakuya. Papa Télesphore hata hakuketi.

"Kule chini kunapanda gaz ya volcan. Iko na kaboni, lakini ya zamani sana, ya kufa, na inajichanganya na ya maji. Ni kama kijana mwenye kutoka ku moulin ya kusaga foufou, kichwa yote nyeupe ya unga. Unamwita muzee. Umupanguse!"

"Na maji yetu, ukiipangusa?"

"Mvua ya juzi-juzi. Imepita chini ya ma-WC."

Déborah akaposti tena, kusahihisha. Bakamujibu na vicheko tupu. Akapanda moto, pikipiki ya taxi, mbio mupaka Kasha.

Tantine Consolate, mwenye alimulea, alikuwa ku kisima, mujukuu wake Parfait mugongoni.

"Eh, Déborah! Juzi muzee, leo kijana. Kesho utasema iko mu tumbo ya mama yake?"

Ba maman bakaanguka na kicheko. Déborah akaeleza unga, akaeleza gaz, akaeleza WC. Bakacheka zaidi. Tantine akageuka, akamuonyesha mutoto mugongoni.

"Huyu anaharisha tangu asubui," akasema pole pole. "Nilimupa hii maji. Bila chlore. Ni weye ulisema, Débo."

Kichwa ya Parfait ililala upande, macho imeingia ndani. Déborah akarudi mbio ku njia. Akaita ile moto yenye ilimuleta, akashika tantine mukono apande.

"Twende ku centre de santé, tantine."

"Weye baki. Ni weye ulibaambia. Baambie tena."

Moto ikashuka na vumbi yake. Déborah akabeba bidon ya tantine kwa Maman Colombe, ikatiwa chlore. Nyuma yake, ku kisima, mama mumoja akafika, akainama, anacheka:

"Jambo muzee!"

"Maman, chlore kwanza. Tafazali."

Yule mama akajaza bidon, akapita zake bila chlore.

Simu ya Déborah ilibakia mu mufuko. Mama mwingine alikuwa anajaza. Déborah akasimama kati-kati ya njia, akashika bidon ya yule mama ku mukono, hakuiachilia.